Mafundo ya Jumwa

Randu wa Kaingu aliporudi kutoka kwenye tanuri lake la makaa alifanya walichofanya wakulima wote wa Adu mwaka ule wa themanini na nne. Aliingia jikoni akatazama juu kabla ya kutazama chini. Chini hapakuwa na la ajabu: chungu kimefunikwa, ndani yake mchicha wa porini uliochemshwa bila chumvi. Lakini juu, kwenye uchaga wa fito ulio juu ya mafiga, pale masuke ya mahindi ya mbegu yanapoachwa yapigwe moshi ili dumuzi wasiyaguse, palikuwa na fito tupu na masizi yaning'iniayo.

Alifikicha macho. Labda ni moshi wa tanuri ulikuwa bado umemkaa. Akatazama tena.

"Umazi!"

Binti yake alikuwa nyuma ya nyumba akikwangua muhogo mchungu. Akaja akijifuta mikono kwenye leso. "Labeka, baba. Shikamoo."

"Mbegu ziko wapi?"

Umazi hakutazama juu. Alitazama miguu ya baba yake, iliyojaa vumbi jeusi mpaka magotini. "Nimezitoa."

"Umezitoa ukaziweka wapi?"

"Nimezitoa kanisani, baba. Kwa wenye njaa."

Randu akacheka, kicheko kikavu kama gunzi. "Wenye njaa! Na sisi tumeshiba tangu lini? Mbona sikuambiwa nikafungua mkanda?"

"Ni wa Uhabeshi, baba. Wale hata mchicha wa porini hawana. Wanakufa njiani wakienda kutafuta pa kufia."

"Uhabeshi umefika wewe?"

"Sijafika."

"Dzombo, mzee wa kanisa lenu, amefika? Huyo mchungaji wenu wa Malindi amefika? Nani kamwona huyo Mhabeshi hapa Adu, akaja akaomba mbegu, akasema jina lake na la baba yake?"

Umazi akaketi kwenye kigoda. Alikuwa msichana mpole, lakini upole wake ulikuwa kama wa punda: ukimsukuma anasimama. Akaeleza taratibu. Mchungaji alikuja na picha kubwa wakaibandika mlangoni mwa kanisa. Kisha mzee Dzombo akasoma habari za yule mjane aliyempikia nabii unga wake wa mwisho, wa kwake na wa mwanawe, akitaraji baada ya hapo wafe.

"Na huyo mjane," Randu akauliza, "kijijini kwake alikuwako Dzombo?"

"Baba!"

"Nauliza tu. Maana nabii alikula yeye mwenyewe, mbele ya macho ya mwenye unga. Hakusema, nipe nikampelekee mwenzangu ng'ambo ya bahari."

"Kwenye picha palikuwa na mama amepakata mtoto," Umazi akasema, kama hakusikia. "Lakini mama hakuwa akimtazama mtoto. Alikuwa akitazama juu. Watu wote kanisani wakasema anamwomba Mungu. Mimi nikajua anatazama uchaga wake."

Randu akazitazama tena zile fito.

"Uchaga ni wa mwanamke wa nyumba," Umazi akaendelea. "Siku tulipoondoa matanga ulinikabidhi mwenyewe. Ulisema, mimi mkono wangu hauingii humo. Mama angalikuwako angalitoa."

Hapo ndipo Randu alipoinua mkono, akaushusha, akatoka nje. Kwa sababu ni kweli mkewe Jumwa angalitoa. Jumwa alikuwa mtu wa kumpa mgeni kiti kisha yeye akakaa juu ya jiwe. Na masuke yale aliyafunga yeye, jozi kwa jozi, mavuno ya mwisho kabla ya kuugua. Alikuwa na fundo lake: alisokota maganda mara tatu, kisha ncha akairudisha ndani kama mkia wa mbwa aliyelala. Hakuna mwanamke mwingine wa Adu aliyefunga vile. Mvua mbili zilishapita bila ya kuwa mvua, na kila msimu Randu alizitazama zile jozi na kusema, bado, tusizitupe mbegu kwenye vumbi. Alikuwa akingoja mvua, lakini alikuwa akiyatunza mafundo pia, na hilo hakumwambia mtu.

Sasa mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa pwani. Ikinyesha, watu watapanda. Yeye atapanda nini, kucha zake?

*

Mzee Dzombo alimpokea kibarazani akiziba mpira wa baiskeli.

"Karibu, Randu ndugu yangu. Leo umeikumbuka nyumba ya Bwana?"

"Nimeikumbuka nyumba yangu. Mbegu za mke wangu ziko wapi?"

"Zimekwenda Malindi kwa lori, pamoja na za wenziwe. Mchungaji Thuku ndiye mwenye kuzipeleka mbele." Dzombo alikohoa. "Mtoto wako ana imani kubwa. Sisi wazee tulileta masuke matatu matatu, tunajikuna. Yeye alileta kikapu kizima kichwani."

"Na ninyi mkapokea. Mkamwona mtoto anatoa mbegu za baba yake, mkasema amina."

"Tungalimrudisha kwa kusema nini? Kwamba anampenda Mungu kupita kiasi?"

Uani, mke wa Dzombo alikuwa akitwanga. Sauti ya mchi ilikuwa nzito, sauti ya kitu chenye punje. Randu akatega sikio. "Mwatwanga nini?"

Dzombo akauweka mpira chini. Kisha akasema pole pole, bila hasira, "Nenda katazame."

Mtu mwenye haya asingalikwenda. Randu alikwenda. Akainama juu ya kinu cha mwanamke wa watu, na mle ndani akaona maganda ya muhogo makavu na kokwa za ukwaju. Mke wa Dzombo akamsukumia mchi. "Twanga na wewe, shemeji, ukipenda. Pengine chini pana mahindi."

Randu alirudi kibarazani. Kumbe Dzombo alikuwa mjinga tu kama wengine. Mwizi, kama yuko, yuko juu zaidi. Ndivyo ilivyo siku zote: mdogo huliwa na mkubwa, na mkubwa huliwa na mkubwa wake, na juu kabisa hujui ni nani maana shingo haifiki. Jumwa alikufa kwenye benchi la zahanati huku dawa ziko stoo, na mkubwa wa mahali pale yuko mkutanoni, ufunguo mfukoni. Alipofika kesho yake alitoa pole kwa adabu sana. Wakubwa pole hawana uchoyo nayo.

*

Lori la makaa lilimshusha Malindi, mtaa wa Shella, mbele ya duka la Mbaruk Taib, mteja wake wa siku zote. Mbaruk alikuwa mtu wa makamo, kofia yake daima nyeupe hata siku ya kupokea makaa.

"Aa, Bwana Randu! Karibu bwana wee. Umeadimika kama sukari. Habari za Adu?"

"Adu ipo. Watu ndio wanapungua."

Randu alishusha gunia la kwanza begani. Alipoinua kichwa aliyaona. Yalitundikwa juu ya mlango wa duka, kwenye ubao wa vitunguu: masuke meusi kwa moshi, jozi kwa jozi, na kila jozi ina ncha iliyorudi ndani kama mkia wa mbwa aliyelala.

Aliliacha gunia lianguke. Makaa yakatawanyika barazani.

"Hayo umeyapata wapi?"

"Yepi?" Mbaruk akageuka. "Ah, mbegu. Mbegu njema hizo, za moshi, si kama za mikebe. Nimeuza nyingi kwa watu wa mashamba. Zimebaki hizo."

"Nimekuuliza umezipata wapi, Mbaruk."

Mbaruk akaisikia ile sauti, akaacha kucheka. "Nimenunua. Kwa halali yangu, mchana kweupe. Mchungaji wenu alikuja akasema ana mahindi ya kuuza. Kwani vipi?"

"Hizo ni za mke wangu."

"Mke wako si marehemu, Mungu amrehemu?"

"Ndiye."

Nyuma ya pazia la mlango wa ndani sauti ya mwanamke ikasikika. Ilikuwa ya Zuleikha, mke wa Mbaruk. "Mimi nilikwambia, Mbaruk. Nilikwambia hizi zilizofungwa hivi usiziuze, hii ni kazi ya mtu. Hukunisikia."

Mbaruk akavua kofia, akaivaa tena. Randu hakungoja jibu lake. Aliyaacha makaa pale pale yalipomwagika akashika njia ya kanisani, akitembea upesi, na moyoni akasikia furaha chungu ya mtu aliyekisia uovu akaukuta.

*

Mchungaji Thuku alikuwa mtu wa bara, kijana, mwenye miwani na sauti ya mwalimu. Alimpa Randu kiti kwenye ukumbi wa ofisi. Ukumbi mzima ulijaa magunia yenye maandishi ya Kizungu, yamepangwa mpaka juu, na moja lililotoboka lilikuwa likidondosha mahindi ya manjano sakafuni. Kuku wa mchungaji walikuwa wakijilia.

"Mzee, kuna shida gani?"

"Mbegu tulizotoa kwa Wahabeshi ziko kwa Mbaruk, zinauzwa."

Randu alitaraji ashtuke. Mchungaji hakushtuka. "Ndiyo. Tuliuza. Mzee, fikiria: lori litoke hapa mpaka Ethiopia na mahindi ya Adu? Petroli peke yake ingemaliza hayo mahindi yote. Tuliuza, pesa ikaenda makao makuu."

"Makao makuu ni nani?"

"Ni Nairobi."

"Na Nairobi wanampa nani?"

"Shirika."

"Na shirika?"

"Mzee," mchungaji akatabasamu, "mahali fulani ni lazima mtu aamini."

"Mimi niliamini mtu mmoja mwenye ufunguo mfukoni. Nikamzika mke wangu." Randu akaelekeza kidole kwenye magunia. "Na haya? Haya nayo yanangoja kuuzwa?"

"Hapana! Haya ni yenu. Ya Adu na vijiji vya jirani. Wakristo wa ng'ambo wamewatumia. Watu ambao hawajawahi kuwaona, mzee, ila wamewaonea huruma tu kwa imani."

"Yetu? Na yanafanya nini hapa, wakati kwetu watu wanatwanga kokwa?"

Mchungaji akavua miwani akaifuta, na kwa mara ya kwanza alionekana amechoka. "Tunangoja mgeni rasmi. Mkubwa mmoja anataka kuyagawa kwa mkono wake, na mpiga picha awepo. Tumeandika, tumepiga simu. Wiki hii, wiki ijayo. Nikiyatoa bila yeye, mara nyingine hayatafika hata hapa."

Randu akatikisa kichwa. Hilo aliliamini mara moja. Hakuna lililokuwa jepesi kuamini kama hilo.

"Walituoneaje huruma na hawatujui?"

"Waliona picha." Mchungaji akanyoosha mkono ukutani.

Picha ilikuwa ya mzee aliyesimama mbele ya nyumba ya makuti, kifua wazi, mbavu nje kama fito za ukuta usiokandikwa. Randu akasogea. Akasogea tena.

"Huyu ni Dzombo."

"Ndiye."

"Dzombo hatembei bila shati. Hata akichimba kaburi huvaa shati. Nani alimvua?"

"Mpiga picha alimwomba," mchungaji akasema, sauti chini. "Alisema picha ndiyo inayofanya watu watoe."

Randu alisimama mbele ya picha ile muda mrefu. Alitaka kukasirika, na hasira alikuwa nayo tele, lakini ilikataa kwenda pale alipoituma. Shati lilivuliwa kwa hila. Mbavu zilikuwa za kweli. Kinu cha Dzombo alikwisha kukichungulia kwa macho yake. Mtu wa ng'ambo angeweza kukaa mezani kwake akasema, nani kamwona huyo mzee wa Adu, amesema jina lake na la baba yake? Na kama angesema hivyo angekuwa amekosea.

Basi na yule mama wa Kihabeshi. Labda naye aliambiwa, tazama juu. Labda kilemba chake kilivuliwa. Lakini kule juu alikokuwa akitazama, pengine kweli hapakuwa na kitu ila fito.

"Naweza kukupa debe moja la manjano," mchungaji akasema. "Kimya kimya. Usimwambie mtu."

"La kula?"

"La kula. Kupanda sikushauri, sijui yatoka ardhi gani."

Randu alitamani kukataa, na ulimi ulishaanza. Kisha akamkumbuka Umazi na chungu cha mchicha. Akafungua gunia tupu alilokuwa amejitandika begani kwa kubebea makaa, akamshikia mchungaji mdomo wake, na yule kijana mwenye miwani akapiga magoti akajaza kwa mikono yake miwili, akitazama barabarani kama mwizi. Mahindi ya Adu yaliibiwa namna hiyo ili apewe mtu wa Adu.

*

Mbaruk alikuwa ameyazoa makaa yote, hata vipande vidogo, na magunia ameyaegemeza ukutani. Zile jozi zilikuwa zimeshushwa, zimelazwa juu ya gazeti.

"Bwana Randu, mimi sikujua kama ni sadaka. Wallahi ningalijua nisingaligusa. Nipe nilichotoa tu, faida sitaki."

"Sina. Ninayo makaa."

"Basi makaa."

"Yote?"

Mbaruk akatazama chini. Bei ya mbegu mwaka ule aliijua yeye, na Randu aliijua pia. "Yote," akasema kwa haya. "Nina watoto na mimi."

Basi Randu alinunua mbegu zake mwenyewe kwa makaa yake mwenyewe. Zilizobaki hazikujaza hata nusu ya kikapu. Zuleikha akatoa mkono penye pazia, akamsukumia mfuko wa kitambaa wa kutilia, na ndani yake kipande cha sabuni. "Mpe binti yako," akasema. Randu akaushuku ule mkono kwa muda, kama alivyoushuku kila mkono. Kisha akapokea.

Lori la kurudi lilikuwa likingoja abiria. Randu alikaa kivulini pa ukuta, mfuko mapajani, na hapo ndipo jambo moja lilipomjia.

Umazi ataziona. Atayaona mafundo ya mama yake na atajua kikapu alichokibeba kichwani hakikuvuka hata Malindi. Utamweleza nini mtoto? Utamwambia makao makuu, na petroli, na shirika? Yeye mwenyewe mwenye mvi hakujua kama pesa ile ilifika, na hatajua mpaka afe. Msichana alitoa kwa mtu mmoja, mama mmoja anayetazama juu. Akiambiwa alimpa Mbaruk, ataufunga mkono wake, na kuanzia siku hiyo atakuwa kama baba yake. Mtu mmoja wa namna ile katika nyumba alitosha.

Akashika jozi ya kwanza. Ncha ilikuwa imekaza. Jumwa alikuwa na vidole vya nguvu. Akaivuta ikatoka, akasokotoa mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na maganda yakaachana. Akapukuchua punje zikaingia mfukoni. Gunzi akalitupa. Jozi ya pili. Ya tatu. Alifanya kazi bila kutazama, na dereva aliyepita karibu akamtania, "Mzee, mahindi ndiyo yanakuliza hivyo? Ya kuchoma ni matamu zaidi!" Randu akaendelea kupukuchua.

Ilipobaki jozi ya mwisho alijaribu ncha yake, na vidole vikakataa. Akaitia kwenye mfuko mkubwa wa kifuani wa shati, akafunga kifungo.

*

"Nani kakupa mbegu?" Umazi akauliza. Alikwisha kuyaweka mahindi ya manjano motoni. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu jiko lilinukia chakula.

"Mbaruk wa Shella. Nimebadilishana na makaa."

Umazi akatia mkono mfukoni, akachota punje, akazileta puani. "Zinanuka moshi."

"Mbegu zote zinanuka moshi."

"Na zetu, baba? Zilifika?"

Randu alikuwa akivua viatu. Akakivua kimoja chote ndipo akajibu. "Zilifika."

"Wewe umejuaje? Wewe si huwa huamini mtu?"

"Nimeuliza mpaka mwisho. Nenda kanifulie hili shati, lina masizi." Akalivua akampa, na Umazi alikuwa ameshakwenda nalo mtoni Randu aliposhtuka na kujipapasa kifua.

Alimngoja. Umazi alirudi na shati limekamuliwa, akalianika, akaingia kupakua, hakusema neno. Randu naye hakuuliza. Walikula mahindi ya manjano ya watu wasiowajua, na Umazi akashukuru kwa maombi marefu kuliko chakula chenyewe, akiwataja wa ng'ambo, na Mbaruk na nyumba yake, na mama wa Uhabeshi.

Asubuhi mvua ilianza, nyembamba, kama inayobisha hodi. Randu aliingia jikoni kuchukua jembe, akatazama juu kabla ya kutazama chini. Kwenye fito za uchaga ilining'inia jozi moja ya masuke, ncha imerudi ndani kama mkia wa mbwa aliyelala.

Akatazama chini. Umazi alikuwa ameinama juu ya mafiga, akipuliza moto ili moshi upande juu.

"Mzee Dzombo amepita," akasema bila kugeuka. "Anasema Jumapili watachanga tena."

Randu akakohoa. "Nitakwenda nawe."

Umazi akageuka, macho mekundu; labda ni moshi. "Wewe, baba? Kanisani?"

"Nitakaa mbele kabisa, karibu na kikapu, nione kila mkono unaoingia na unaotoka. Kikipelekwa Malindi nakwenda nacho. Kikipelekwa Nairobi nakwenda nacho." Akaweka jembe begani, akasimama mlangoni akiitazama mvua kana kwamba nayo imetumwa na mtu. "Na akija mtu wa picha, mwambieni mapema: mimi shati sivui."